Silaha ya kujikinga na wanyama wakali porini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Maswali haya hutoka kwa waongozaji watalii, wagumu wa mlimani, wakulima wanaopakana na hifadhi, na wageni waliotoka nchi za dubu wakidhani pori ni pori. Yameanzia kwa mtu anayetaka kutembea tu, yakaenda kwenye bunduki zenyewe, kisha kwenye mambo yanayotokea mara chache lakini yakitokea yanaumiza.

## Kabla ya kuzungumzia bunduki

Huku kuna dubu?

Hakuna. Afrika nzima leo haina dubu wa porini. Waliokuwepo waliishi milima ya Atlas, kaskazini kabisa mwa bara, nao walitoweka karne ya 19. Mnyama wa kumfikiria unaposhuka kwenye gari Momella, geti la kupandia Meru, ni nyati, na baada yake tembo. Ukienda upande wa Tarangire au Manyara ongeza simba. Karibu na maji mengi ongeza kiboko, ambaye watu humsahau kwa sababu ya umbo lake.

Habari ya dubu ina sehemu yake huko chini, kwa sababu mgeni wa Alaska au Montana, kule Marekani, atakuuliza tu, na ni vizuri uwe na jibu.

Naweza kuingia hifadhini na bunduki au bastola yangu niliyoilipia leseni?

Hapana. Leseni ya kumiliki silaha ni kitu kimoja na kuingia nayo hifadhi ya taifa ni kitu kingine. Sheria ya hifadhi za taifa inakataza kuingia na silaha bila kibali cha mamlaka yenyewe, na "najilinda na wanyama" si sababu itakayokupitisha getini. Silaha unayoiacha nyumbani inabaki chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ombi la kuimiliki huanzia serikali yako ya mtaa au kijiji na kupanda kupitia kamati za ulinzi na usalama hadi polisi.

Mgeni anayekuja kuwinda kwenye kitalu, eneo lililotengwa kwa uwindaji, ana utaratibu tofauti, wenye vibali vya muda vya kuingiza silaha, na unashughulikiwa na kampuni ya uwindaji. Asichanganye safari hiyo na kupanda mlima. Akishuka uwanja wa ndege wa KIA na sanduku la bunduki huku ratiba yake ni njia ya Machame ya Kilimanjaro, atachelewa sana kuiona Machame.

Kwa nini Meru lazima uende na askari mwenye bunduki, na Kilimanjaro watu wanapanda bila?

Kwa sababu ya njia, wala si urefu wa mlima. Meru ina mita 4,562, lakini siku ya kwanza kutoka geti la Momella hadi kambi ya Miriakamba unakatiza uwanda na msitu ambako nyati wanalisha hatua chache kutoka njiani. Twiga utawapiga picha, nyati utawazunguka. Askari wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, anakwenda nanyi hadi juu na kurudi.

Njia nyingi za Kilimanjaro zina watu wengi tangu alfajiri, na wanyama wakubwa wamejifunza kukaa mbali nazo. Upande wa magharibi, Londorosi na msitu wa Lemosho, hali ni nyingine. Tembo na nyati wapo, na askari mwenye silaha ameshasindikiza makundi mengi katika msitu ule. Muulize muongozaji wako siku ya maandalizi, usingoje asubuhi ya safari.

Nataka kutembea kwa miguu tu, si kupanda mlima. Bunduki inapatikanaje?

Inakuja na askari. Unalipia matembezi na huduma ya askari pamoja na kiingilio, na askari anapangwa getini. Weka nafasi mapema, hasa miezi ya Julai hadi Septemba, kwa maana askari ni wachache kuliko maombi.

Nje ya hifadhi za taifa, kwenye jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama Enduimet kule West Kilimanjaro, au Burunge na Randilen karibu na Tarangire, kuna askari wa wanyamapori wa vijiji. Baadhi ya kambi pia zina waongozaji waliofunzwa na kuruhusiwa kubeba rifle. Usione haya kumuuliza muongozaji wa namna hiyo ameanza lini kutembea na wageni na mara ya mwisho alilenga shabaha lini. Aliye mzuri hafurahii tu kuulizwa, anajibu kwa kirefu.

Askari akiwa mbele, mimi nafanya nini?

Unatembea nyuma yake, mstari mmoja, bila pengo. Sababu ya mstari ni kwamba askari lazima ajue, bila kugeuka, kwamba kila mtu yuko nyuma ya mtutu. Mtu anayetoka pembeni kupiga picha amejiweka mahali ambapo bunduki huenda ikageukia.

Zungumza kwa sauti ya chini, isipokuwa mkiingia kwenye vichaka vizito, ambako askari mwenyewe anaweza kupiga makofi ili nyati asishtuke. Nyati aliyesikia watu wakiwa mita mia huondoka. Yule aliyekanyagiwa usingizi wake mita kumi ndiye habari. Angalia pia upepo: ukikupiga mgongoni, mnyama aliye mbele keshakunusa, na hilo mara nyingi ni jema. Ukikupiga usoni, mnaweza kukutana uso kwa uso bila yeyote kujua.

Akisema simama, simama. Kukimbia ni kosa kwa karibu kila mnyama wa huku: simba hufuata kinachokimbia, na tembo anayetisha tu, masikio yametanda, vumbi linaruka, mara nyingi husimama akiona watu hawajatawanyika. Tembo aliyebana masikio na kukunja mkonga, huyo hatishi. Lakini usiyachukue maneno haya kama hesabu za darasani. Mwenye kusoma mnyama ni askari, wewe soma mgongo wa askari.

## Bunduki zenyewe

Ni bunduki gani inayofaa kwa nyati na tembo?

Nchi nyingi zenye uwindaji, Tanzania ikiwamo, huhesabu .375 H&H Magnum kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Risasi hiyo ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 na haijapata mrithi wa kweli. Inarusha kichwa cha gramu 19 hivi kwa kasi ya karibu mita 760 kwa sekunde, nguvu ya jouli 5,700 au zaidi kidogo. Juu yake kuna .416 Rigby ya mwaka 1911 na .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, inayotupa gramu 32 polepole kidogo lakini kwa uzito wa kusukuma.

Ili uone tofauti, .30-06, bunduki nzuri kabisa ya kuwindia swala, ina jouli kama 3,900. Risasi ya AK ina kama 2,000. Bastola ya milimita 9 ina kama 500.

Hata hivyo jouli hazimzuii nyati. Anayezuiwa ni yule ambaye risasi imefika kwenye ubongo au uti wa mgongo. Nyati aliyepigwa moyoni anaweza kukukimbilia kwa sekunde kadhaa kabla hajaanguka, na kwa mbio za kilomita 50 kwa saa anakula mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya bunduki kubwa ni kupenya: kupita kwenye mfupa mzito, kwenye ule msingi wa pembe za dume uliokomaa kama kofia ya chuma, na kuendelea moja kwa moja bila kupinda.

.375 au .458?

Kwa watu wengi, .375. Wapo watakaonipinga, na baadhi yao wana hoja, kwamba anayemlinda mgeni mita nane kutoka kwa tembo anastahili kila gramu anayoweza kupata. Lakini .458 ina teke kali. Mtu asiyefanya mazoezi ya kutosha huanza kufumba macho na kubana bega kabla ya kufyatua, na risasi inakwenda chini. Nimewaona vijana wenye nguvu za kubeba gunia la mahindi wakiiogopa baada ya raundi ya tatu. .375 iliyopigwa mahali pake inashinda .458 iliyopigwa tumboni, na hapo hakuna ubishi.

Anayepiga raundi nyingi kila mwaka na bega lake halijali, achukue .416 au .458.

Risasi laini au ngumu?

Kwa tembo, ngumu, ile isiyotanuka, kwa sababu kichwa cha tembo kina mfupa mwingi wenye vyumba vya hewa na risasi laini huishia njiani. Kwa nyati anayekujia, wengi hubaki na ngumu. Kwa simba na chui ni laini inayotanuka haraka, maana miili yao ni myepesi na ngumu hutoboa na kupita. Anayetembea mahali penye wanyama wote huweka ngumu, kwa hesabu kwamba mkubwa zaidi ndiye atakayemmaliza.

Bolti au mitutu miwili?

Bunduki ya mitutu miwili inapiga ya pili papo hapo, na ikiharibika upande mmoja, wa pili unabaki. Bei yake ni ya nyumba, na baada ya risasi mbili imekwisha. Bunduki ya bolti, ile ya kuvuta komeo kwa mkono baada ya kila risasi, yenye mlisho wa aina ya Mauser 98, ambapo ukucha mkubwa hushika ganda la risasi tangu linapotoka kwenye magazini, haikwami kirahisi hata ukiipindua au ukivuta bolti kwa woga. Kwa kazi ya kulinda watu, na kwa mfuko wa Mtanzania, chukua bolti hiyo.

Darubini ya juu ya bunduki iondolewe au iwe ya kukuza kidogo sana. Mita kumi huoni mnyama ndani ya darubini kubwa, unaona manyoya.

Askari wengi nawaona na silaha za kivita. Hizo zinatosha?

Hizo zipo kwa sababu ya majangili. Askari wa doria anapangwa akijua huenda akakutana na mtu mwenye silaha, si nyati. Kwa mnyama, silaha ya namna hiyo hufanya kazi kubwa kwa mlio: risasi hewani hufukuza nyati na tembo wengi kabla mambo hayajafika pabaya. Mnyama akishaamua, risasi ndogo nyingi hazilingani na moja kubwa iliyofika ndani. Usidharau lakini: mwenye silaha hiyo anayeijua njia na wanyama wake amewarudisha wageni wengi salama kuliko bunduki ya kifahari mkononi mwa mgeni wa pori.

Bunduki ya marisau je?

Marisau madogo ni ya kanga na kwale. Marisau makubwa yametumika sana kumaliza chui aliyejeruhiwa kichakani, umbali wa hatua chache. Risasi moja nzito ya bunduki hiyo, gramu 28 za risasi laini, inapendwa Alaska kwa dubu. Kwa nyati haifai, kwani inabonyea kwenye mfupa na kusimama.

Bastola?

Kwa wanyama wa huku, hapana. Soma jibu la jouli hapo juu, kisha soma jibu linalofuata, ambako bastola ina habari tofauti.

## Mgeni anayetoka nchi ya dubu

Mgeni wangu Mmarekani anasema kwao kila mtu hubeba bastola porini. Nimjibu nini?

Mkubalie, kwa kwao. Tangu Februari 2010 sheria ya Marekani inaruhusu kubeba silaha katika hifadhi za taifa kwa kufuata sheria za jimbo husika, na kwenye nchi ya dubu wa kahawia wengi hubeba .44 Magnum, bastola ya milimita 10, au bunduki ya marisau yenye risasi nzito. Dubu ana ngozi na mafuta, lakini hana paji la mfupa kama nyati. Na bastola inakaa kifuani, inatoka haraka, hata mtu akiwa chini.

Mwaka 2012 Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha uchambuzi wa matukio 269 ya dubu na silaha Alaska, kuanzia 1883 hadi 2009. Bastola zilifaulu asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76. Wengi hunukuu hapo na kuacha. Sehemu nzito ni ile ya kwamba waliofyatua na waliokuwa na silaha bila kuifyatua hawakutofautiana kwa maana yoyote katika kuumia. Silaha haikuwa na muda: dubu wa kahawia hufika kilomita 56 kwa saa, na watu walikuwa bado wanaitoa begani, au risasi haimo chemba, au mwenzao yuko katikati.

Hapo ndipo somo la Alaska linafika Momella. Bunduki iliyo begani kwa mtu anayeongea na simu ni fimbo ghali.

Na ile kopo ya pilipili ya kupuliza wanayosifu?

Kwa dubu inasifiwa kwa haki. Utafiti wa Smith na wenzake wa mwaka 2008, wa matukio ya 1985 hadi 2006 Alaska, ulikuta pilipili imezuia tabia mbaya ya dubu wa kahawia kwa asilimia 92, na asilimia 98 ya watu waliokuwa nayo katika makabiliano ya karibu hawakuumia. Inapuliza wingu lenye upana, hivyo haidai shabaha ya mtaalamu.

Kwa nyati au tembo aliyeamua kuja, usiweke maisha yako juu ya kopo. Inafika mita saba hadi kumi tu, na ukiipuliza dhidi ya upepo unajipaka mwenyewe. Isitoshe, haipandi ndege, wala kwenye begi la mkononi wala la chini, kwa hiyo mgeni atafika hapa bila nayo.

Kuna nchi inayokulazimisha kubeba silaha?

Svalbard, visiwa vya Norwei kaskazini kabisa, sheria inamtaka anayetoka nje ya makazi awe na njia ya kumtisha dubu mweupe, kama bastola ya fataki, na mamlaka hushauri pia bunduki. Rifle za .30-06 na .308 ndizo za kawaida huko. Dubu mweupe humwona mtu kama chakula, na tundra haina mti wa kupanda.

## Bila bunduki

Tembo wanaingia shambani kwangu Ngare Nanyuki. Nitafute bunduki?

Hapana, na nasema hivyo nikijua hasira ya kuamka na kukuta mahindi yamelazwa. Tembo aliyejeruhiwa kwa gobori hafi siku hiyo. Anazunguka kijijini na kidonda, na atakayekutana naye asubuhi ni mtoto anayekwenda shule.

Kinachofanya kazi ni kumfukuza mapema na kwa zamu: tochi kali, honi au vuvuzela, moshi wa pilipili iliyochanganywa na kinyesi kikavu, uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, mizinga ya nyuki iliyotundikwa mstari. Hakuna kimoja kinachodumu peke yake, tembo huzoea. Changanyeni, na mfanye kwa kundi.

Toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya haraka, kabla mabaki hayajaondolewa. Kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kufa hudai tathmini, na tathmini haifanyiki kwenye shamba lililokwisha kulimwa upya.

Usiku kambini nimesikia fisi, hema halina mlango wa maana.

Funga zipu, chakula na sabuni visikae ndani, usitoke bila tochi. Simba na fisi kwa kawaida huliona hema lililofungwa kama kitu kizima. Mguu uliotokeza nje ni jambo lingine.

## Yanayotokea mara chache

Nimejitetea nikaua mnyama. Nini kinafuata?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua kuua kwa kutetea uhai, mradi hukumchokoza mnyama wala hukuwa unafanya kosa. Lakini mnyama aliyekufa ni mali ya serikali tangu alipoanguka. Usikate mkia, usichukue pembe, usigawe nyama, hata majirani wakikusihi. Kupatikana na nyara bila kibali kunaweza kukufikisha kwenye kesi ya uhujumu uchumi, na hapo utetezi wako mzuri wa kwanza unazama. Piga simu ofisi ya wanyamapori au polisi, linda eneo, eleza ilivyokuwa.

Mnyama amepigwa, amekimbilia kichakani. Tumfuate?

Si wewe. Kazi ya kumfuata nyati aliyejeruhiwa ni ya watu wawili au zaidi wenye bunduki za kutosha na mfuata nyayo. Nyati wa hivyo ana desturi ya kuzunguka na kusimama karibu na nyayo zake mwenyewe. Wageni warudishwe kwenye gari.

Askari ameumia. Nichukue bunduki yake?

Kama hufahamu hata sefti, kile kizuizi cha usalama, ilipo, iache ilivyo. Mtu asiyejua bunduki akiishika kwenye kundi lenye hofu ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Muongozaji aliyepata mafunzo, kwa mfano chuo cha wanyamapori cha Mweka, ambako silaha ni sehemu ya masomo tangu chuo kilipoanza mwaka 1963, anaweza kuitoa risasi chemba na kuiweka mahali salama. Mengine ni kuondoa watu kwa utaratibu kuelekea mlikotoka, redio au simu kwenda getini, na kuzuia damu.

Na nyoka? Kuna mgeni anasema bunduki ya marisau.

Buti ndefu, tochi usiku, usiingize mkono pasipoonekana. Kifutu hulala karibu na njia na hasogei ukimkaribia, kwa hiyo utakuwa umeshamkanyaga kabla hujakumbuka bunduki.